Kaka kapandikizwa uloto, mwezi wa saba huu bado yuko hoi. Daktari anasema mazoezi, mama anasema alale. Tushike lipi?

#1 Binti wa Mabatini
Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo, hasa ninyi mliowahi kuuguza mgonjwa wa aina hii.

Kaka yangu ana miaka 36, fundi wa injini za mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba. Aligundulika na lukemia, saratani ya damu, akapigwa kemo (zile dawa kali za saratani) za kutosha, mwisho tukaenda India akapandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Mchangiaji ni mimi. Tumesharudi Mwanza, na tangu apandikizwe huu ni mwezi wa saba. Vipimo vinasema ugonjwa hauonekani, tunamshukuru Mungu.

Shida ni uchovu. Sio huu wetu wa kutoka kazini. Analala masaa kumi anaamka amechoka. Akitoka kuoga anakaa kitandani nusu saa na taulo begani ndipo avae shati. Na kwetu ni huku juu kwenye mawe, ngazi 64 kutoka barabarani, kwa hiyo akishuka kwenda kliniki siku hiyo imeisha, na ya kesho yake nayo imeisha.

Juzi daktari kamwambia aanze mazoezi: atembee kila siku na anyanyue vitu vyepesi. Mama kusikia hivyo akawaka. "Mtu anashindwa kuvaa shati, mnamwambia akanyanyue vyuma?" Tangu siku hiyo kaka akitaka tu kusimama, mama anamsogezea mto. Supu ya sato anapelekewa kitandani. Mimi nimebaki katikati. Je, mazoezi yanatibu uchovu kweli, au ndio daktari akikosa dawa ya kuandika anaandika "tembea"?

#2 Sato wa Mchuzi
Ngoja wajuzi waje. Mimi nimekaa hapa juu ya jiwe na supu yangu.

#3 Mpinzani Halisi
Pole dada. Mimi niko na mama. Mtu kafanyiwa operesheni kubwa, kapasuliwa mfupa kawekewa uloto wa mtu mwingine, miezi saba ni kitu gani? Mwili unataka utulivu ujijenge. Haya ya mazoezi tumeyaiga kwa watu wenye hewa baridi na friji zilizojaa.

#4 Sista wa Zamu
Mpinzani, tuwekane sawa kabla uzi haujapotea. Hakuna mgonjwa anayepasuliwa hapo. Seli zinaingia kwa mpira kwenye mshipa, ukiona utadhani anaongezwa damu. Kinachomchakaza ni kinachotangulia: kemo ya dozi kubwa, na wengine mionzi ya mwili mzima, ili kuufuta uloto wa zamani. Baada ya hapo anafungiwa chumba cha peke yake wiki kadhaa, mdomo una vidonda, chakula hakipiti, anaharisha, haendi popote zaidi ya chooni. Misuli inayeyuka hapo hapo kitandani. Akitoka anaanza dawa za kuzuia seli za mchangiaji zisiushambulie mwili wake.

Kwa hiyo uchovu wake una sababu tele, na mazoezi hayatibu zote. Dada, nijibu haya: damu yake ngapi? Thairoidi, ile tezi ya shingoni, imepimwa? Anatumia predinisoloni, ile dawa ya kutuliza kinga? Ana homa, au anabanwa kifua akitembea? Usiku analala kweli au anageuka geuka tu?

#5 Binti wa Mabatini
Asante sista. Damu mara ya mwisho ilikuwa 9.6. Thairoidi sijui, nitauliza. Predinisoloni anatumia, mwezi wa tatu ngozi ilimwasha ikababuka, wakasema ni seli zangu zinamgombeza, wakampa dozi kubwa, sasa wanapunguza kidogo kidogo. Homa hana. Usiku yuko macho hadi saa nane, mchana anasinzia.

Na hilo la kupasua, hata mimi mchangiaji sikupasuliwa. Nilichomwa sindano za kuziamsha seli siku kadhaa, kisha nikalala pembeni ya mashine kama masaa matano, damu inatoka mkono huu inarudi mkono ule. Basi.

#6 Sato wa Mchuzi
Kumbe uloto ni wako! Kesi imeisha. Uvivu kautoa kwako.

#7 Binti wa Mabatini
Hahaha, ndivyo anavyonisema hata yeye. Halafu kundi la damu limebadilika kweli, alikuwa B sasa ni O kama mimi. Mama alidhani maabara wamechanganya chupa.

#8 Sista wa Zamu
Hawajachanganya. Kiwanda cha damu sasa ni cha kwako, lazima kitoe bidhaa yako. Uvivu lakini hauhami kwa njia hiyo, Sato.

#9 Chuma Chakavu
Nilikuwa napita tu lakini hii inanihusu. Mimi ni mgonjwa wa mayeloma, saratani ya kwenye uloto, nina miaka 57, naishi Nyegezi. Yangu ilikuwa tofauti na ya kaka yako maana nilirudishiwa seli zangu mwenyewe, sikuwa na mchangiaji. Ila huo uchovu naujua kwa jina la ukoo.

Nisikilizeni. Uchovu wa shambani ukilala unaisha. Huu ukilala unanenepa. Mimi nilikaa miezi minne nabembelezwa kama mwali, mke wangu hataki hata nichukue rimoti. Nikawa kila wiki naweza kidogo kuliko wiki iliyopita. Siku moja nilishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji, mjukuu wa miaka sita akanifungulia. Nililia nikasingizia vumbi.

Nikaanza na nguzo za umeme. Siku ya kwanza nguzo moja kwenda, moja kurudi. Nikakaa hivyo wiki nzima hata kama najisikia kuongeza. Wiki ya pili nguzo mbili. Kwenye nguzo ya tatu kuna mama anauza mihogo, nilipomfikia alinipigia makofi maana alikuwa ananiona toka mbali kila siku nageukia njiani. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nafika stendi ya Nyegezi na kurudi, taratibu, na fimbo.

Kupona sijapona uchovu wote. Lakini rimoti nachukua mwenyewe.

#10 Ng'wana Sengerema
Chuma, hiyo ulifanyiwa India? Maana najua hapa nchini haipo.

#11 Chuma Chakavu
Ipo. Muhimbili walianza 2021, na sisi wa mayeloma tulikuwa wa mwanzo mwanzo. Dodoma pale Benjamin Mkapa wakaanza 2023 kwa watoto wa sikoseli.

#12 Mpinzani Halisi
Chuma, hongera. Ila ushuhuda wako una tundu. Ulianza kutembea mwezi wa tano. Nani kakuambia ni nguzo ndizo zilizokuponya na sio mwezi wa tano wenyewe? Mwili ulishaanza kurudi, ndio maana ukaweza kutembea. Anayeweza kufanya mazoezi ni yule aliyepata nafuu. Mnamsifia jogoo kwa kuleta alfajiri.

#13 Sato wa Mchuzi
Hiyo ya jogoo nimeiweka akiba.

#14 Mtaalamu wa Magoti
Mimi ni mtu wa fizio, natibu kwa mazoezi. Hoja ya Mpinzani ni ya maana, na ndiyo maana watu walilinganisha makundi mawili. Wajerumani walianza zamani. Mwaka 1987 Dimeo na wenzake waliwaweka wagonjwa waliorudishiwa seli zao kwenye mashine ya kutembea, wakawalinganisha na wengine ambao hawakufanya.

#15 Kitabu Wazi
1997 mkuu, sio 1987. Na walikuwa 16 kwa 16. Baada ya wiki kadhaa, kwenye kundi la mashine hakuna aliyelalamika kuchoka kwenye shughuli za kila siku, kwenye lile lingine walilalamika wanne.

#16 Mtaalamu wa Magoti
Kweli 1997, asante, kidole. Halafu 2011 huko huko Ujerumani, Wiskemann na wenzake, hawa sasa ni wagonjwa kama kaka yako, waliopewa seli za mtu mwingine. Watu 105, waligawanywa kwa bahati nasibu. Walianza mazoezi kabla hata ya kulazwa, wakaendelea wodini na nyumbani. Kundi la mazoezi uchovu ulipungua, lile lingine ukaongezeka. Hapo jogoo hayupo Mpinzani, maana alfajiri ilikuwa ya wote.

#17 Mpinzani Halisi
Watu 105 wa Ujerumani wenye mtu wa fizio anayewapigia simu. Huyu anakaa Mabatini juu ya jiwe. Na waliokubali kuingia kwenye utafiti wa mazoezi ni wale wenye moyo wa mazoezi. Sijasema ni uongo, nasema msimtishe mama wa watu kwa takwimu.

#18 Mwaloni Kwetu
Dada, huyo kaka yako nadhani namfahamu, kama ni yeye katutengenezea injini sana. Mleteni ziwani! Kuogelea hakuumizi goti wala mgongo, maji yanakubeba. Asubuhi ziwa limetulia kama uji uliopoa.

#19 Sista wa Zamu
Hapana, hapana, hapana. Ziwani asiguse maji. Kichocho peke yake kinatosha, na huyu kinga yake ni ya mtoto mchanga, hata chanjo za utotoni anatakiwa kuzirudia. Kama bado ana mpira kifuani ndio kabisa. Na tukiwa hapo hapo: asilime, asifagie banda la kuku, asikae kwenye vumbi la dagaa, kuna fangasi wanaingia kwa pumzi. Jua kali pia linaweza kuamsha ule ugomvi wa ngozi. Atembee asubuhi au jioni, kofia, mikono mirefu. Akiwa na homa ya 38 hakuna mazoezi, ni hospitali muda huo huo. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa chini ya 20,000 asinyanyue kitu kizito, anaweza kuvuja damu ndani. Damu ikishuka chini ya 8 amuulize daktari kwanza.

#20 Mwaloni Kwetu
Nimekoma sista. Basi aje akae kwenye gogo atuangalie.

#21 Mtaalamu wa Magoti
Binti, nifanyie kitu kimoja leo. Mkalishe kaka kwenye kigoda cha jikoni, kile kifupi. Mwambie akunje mikono kifuani ainuke bila kushika kitu. Uje utuambie.

#22 Binti wa Mabatini
Nimerudi. Nilimkuta uani nikamletea kigoda cha mama cha kukunia nazi, tukatoa mbuzi. Akakunja mikono. Akajaribu, akainuka kidogo akarudi chini puu. Akajaribu tena kwa kujirusha, bado. Mara ya tatu mapaja yanatetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa sasa hivi, akashika ukuta. Halafu akaniambia kitu hakuwahi kumwambia mtu: chooni kwetu ni kuchuchumaa, na miezi hii yote anashikilia bomba la maji kuinuka. Bomba limeshalegea. Sisi tulidhani ni watoto.

#23 Mtaalamu wa Magoti
Ndicho nilichokuwa natafuta. Predinisoloni ikikaa mwilini kwa dozi kubwa inakula misuli, na inaanza na mapaja na nyonga. Mtu anaweza kutembea tambarare vizuri tu lakini kigoda kinamshinda, ngazi zinamshinda. Yeye hali hiyo anaiita "uchovu" maana hana jina lingine. Kwa huyu kutembea peke yake hakutoshi, anahitaji kuyapa mapaja kazi.

Asianze na kigoda. Aanze na kiti cha juu cha mezani, aweke na mto juu yake. Akae, ainuke, mara tano. Apumzike. Mara tano tena. Siku moja afanye, siku moja aache. Ikiwa rahisi mnatoa mto. Mwongozo wa Marekani wa 2019 kwa uchovu wa saratani unasema kutembea nusu saa mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 hivi, kwa kasi ya kati: aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Ila hapo ni pa kufikia, sio pa kuanzia. Akianza na dakika tano zinatosha.

#24 Mpinzani Halisi
Ahaa! Kwa hiyo sio uchovu wa uloto, ni dawa. Mwambieni apunguze dawa, mapaja yatarudi yenyewe bila viti na mito.

#25 Sista wa Zamu
Mpinzani, kwa heshima yote, ushauri huo utaua mtu. Predinisoloni haikatwi kienyeji. Ukiitumia muda mrefu mwili unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Ukiikata ghafla presha inaanguka, mtu anazimia. Na seli zitaanza upya ugomvi. Anayepunguza ni daktari. Tena hata wakati inapunguzwa polepole mtu huchoka, kwa hiyo hiyo nayo ingieni nayo kliniki kama swali.

#26 Ng'wana Sengerema
Kuna mizizi ya kuongeza damu huku kwetu, bibi anachemsha, inarudisha nguvu kwa wiki moja. Nitumie namba faragha.

#27 Sista wa Zamu
Usitume. Hata balungi, tunda la sokoni tu, linapandisha dawa za kuzuia seli hadi zinaumiza figo. Mizizi isiyojulikana ndani yake nini je?

#28 Ng'wana Sengerema
Sawa sista, sikuwa na nia mbaya. Wabeja.

#29 Mama Kulwa
Naandika kwa mara ya kwanza. Mwanangu wa miaka 11 alikuwa na sikoseli, kapandikizwa uloto wa dada yake, sasa mwaka na nusu. Damu yake ni 12, hajawahi kuwa nayo maishani. Na bado anasema "mama nimechoka" akipanda kilima kwenda shule.

Nimechunguza nikagundua jambo. Huyu mtoto hajawahi kukimbia. Toka anatambaa tulimwambia usikimbie, usiloe, usicheze na baridi, maumivu yatakuja. Sasa moyo ukienda mbio, miguu ikiwaka kidogo, anaogopa, anadhani ndio yanaanza. Hajui kuchoka kwa kawaida kukoje! Tukaanza kuruka kamba wote wawili, mimi na unene wangu, nikawa namwambia: ona hata mama anahema, ona hata mama miguu inawaka, tukikaa kidogo inaondoka. Kwake dawa ilikuwa kuuzoea mwili mpya. Sijui kama inamhusu kaka yako dada, nimesema tu.

#30 Chuma Chakavu
Mama Kulwa, umesema kitu ambacho daktari wangu hajawahi kunieleza. Mimi mpaka leo mgongo ukiuma kidogo nafikiri mayeloma imerudi, siku hiyo sitembei.

#31 Mzee wa Kamanga
Wajukuu, nimesoma yote. Misuli, damu, thairoidi, sawa. Hakuna aliyeuliza huyu kijana anaamka asubuhi kufanya nini. Mtu alikuwa na kazi ya mikono, vijana wawili chini yake, watu wanamwita fundi. Leo anapelekewa supu. Hata mimi ningelala masaa kumi. Binti, zana zake ziko wapi?

#32 Binti wa Mabatini
Mzee shikamoo. Seti ya spana iliuzwa kulipia nauli. Hakujua mpaka tuliporudi.

#33 Mzee wa Kamanga
Marahaba. Hapo ndipo alipochokea.

#34 Kitabu Wazi
Mzee, kwa heshima, tusirudi kule kwa "ni mawazo tu". Wagonjwa wameambiwa hivyo miaka mingi huku mtu damu ni 7. Mapaja kushindwa kigoda sio mawazo.

#35 Mzee wa Kamanga
Sijasema "tu".

#36 Sato wa Mchuzi
Tukae kidogo kwenye ngazi. 64 mnaita ngazi? Mje kwetu Igogo, mtu akisahau chumvi anasamehe mboga.

#37 Mwaloni Kwetu
Isamilo je? Bodaboda anakushusha chini anakuambia "Mungu akutangulie."

#38 Sato wa Mchuzi
Huyo kaka akipanda hizo zote apelekwe timu yetu ya Pamba Jiji, wanatafuta beki mwenye pumzi.

#39 Mpinzani Halisi
Kwa kiwango cha Pamba hata sasa hivi anaingia.

#40 Binti wa Mabatini
Wakuu, wiki tatu zimepita, naleta mrejesho. Kiti kimefanya kazi, ila kwa njia ya mama. Nilipomweleza habari ya bomba la chooni alinyamaza, akaenda kuliangalia, akalitikisa. Kesho yake kiti cha mezani kikatolewa uani na mto. Sasa anayehesabu ni yeye, na akifika tano ndipo supu inakuja. Juzi wametoa mto.

Thairoidi tumepima, majibu bado. Damu imepanda kidogo, 10.1. Wanasema predinisoloni imeshuka tena. Kwa hiyo kama ni kiti, ni damu, ni dawa kupungua, sijui. Usingizi bado mbaya. Na Jumamosi alijisikia vizuri akashuka hadi Mwaloni kusalimia watu, akakaa huko hadi saa tisa, akarudi akalala siku mbili mfululizo. Mama karudisha mto. Kitandani lakini, sio kwenye kiti.

#41 Chuma Chakavu
Siku nzuri ndio mtego. Nilishawahi kwenda nguzo kumi siku moja nikalipa wiki nzima. Siku nzuri afanye kile kile cha jana.

#42 Mpinzani Halisi
Dada, hiyo ya "sijui ni kipi" ndiyo nilikuwa nasema toka #12. Lakini aendelee na kiti. Kiti hakina gharama.

#43 Mwaloni Kwetu
Ni yeye kweli! Alituwashia injini moja ya mzee iliyokuwa imegoma toka Pasaka. Alikuwa amekaa kwenye gogo, anaelekeza tu, kijana anafungua. Hakushika spana hata moja.

#44 Fundi Mwenyewe
Mimi ndiye mgonjwa. Dada kanionyesha uzi, nimesoma nimechoka (cheka kidogo, Sato). Nashukuru wote. Sista, ziwani siendi. Mzee wa Kamanga, spana zilikuwa za kwangu ila nauli ilikuwa ya kwangu pia, yamekwisha. Mwaloni, nilishika moja, ya 17.

Nataka kusahihisha jambo moja. Ngazi sio 64, ni 71. Nimezihesabu mwenyewe jana.

#45 Sato wa Mchuzi
Karibu fundi. Kushuka au kupanda?

#46 Fundi Mwenyewe
Kushuka. Kupanda niliishia ya 38, nikakaa kwa mama muuza maandazi. Mawili, na chai.